Mashujaa Bila Nguli: Lugha, Kazi na Mvuto wa Filamu ya The Great Escape

1.0 Utangulizi

Filamu ya The Great Escape, iliyoongozwa na John Sturges, ilianza kuonyeshwa mwaka 1963. Tangu hapo imekuwa miongoni mwa filamu chache za vita ambazo watu huzitazama tena na tena ilhali wanaufahamu vyema mwisho wake. Nchini Uingereza imerudiwa katika televisheni wakati wa sikukuu kwa miongo mingi, hata marudio hayo yenyewe yamekuwa mzaha unaojulikana na kila mtu. Tangu miaka ya 1990 mashabiki wa timu ya kandanda ya England wameupiga viwanjani muziki wake, uliotungwa na Elmer Bernstein. Mwaka 2000 filamu ya vikaragosi iitwayo Chicken Run iliihamishia hadithi hiyo kwenye banda la kuku, na watengenezaji wake hawakuona haja ya kumweleza mtazamaji ni nini kinachofanyiwa dhihaka.

Ni kitu gani kinachoipa filamu hii maisha marefu kiasi hicho? Jibu ambalo hutolewa haraka ni pikipiki. Watu wengi humkumbuka Steve McQueen akiruka ua wa seng'enge karibu na mpaka wa Uswisi, nao huamini kwamba mvuto wote umo katika mruko huo. Sisi hatukubaliani na jibu hili. Filamu ina dakika 172, na mbio za pikipiki ni sehemu ndogo sana ya muda huo. Isitoshe, mruko wenyewe haukufanywa na McQueen bali na Bud Ekins. Mtu hawezi kukaa kwa takriban saa tatu, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya mruko mmoja.

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba mvuto wa filamu hii unatokana na jinsi inavyojenga jamii ndogo ya wasemaji na watendakazi, kisha ikaivunja jamii hiyo mbele ya macho yetu. Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa lugha na fasihi kwa sababu mbili. Kwanza, uhakiki wetu umezoea kuanza na swali "nguli ni nani?", na hapa swali hilo halina jibu. Pili, filamu hii imeshutumiwa kuwa imegeuza mauaji ya watu 50 kuwa burudani. Shutuma hiyo ni nzito, na haiwezi kujibiwa kwa kusema tu kwamba filamu inapendeza.

2.0 Tukio lenyewe

Stalag Luft III ilikuwa kambi ya mateka wa vita wa majeshi ya anga karibu na mji wa Sagan, ambao sasa umo nchini Poland na huitwa Żagań. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Machi 1944 mateka 76 walitoroka kupitia njia ya chini kwa chini iliyokuwa na urefu wa mita 102 hivi na kina cha mita 9 hivi. Walikusudia watoke watu 200, lakini mdomo wa njia ulitokeza kabla ya kuufikia msitu, kazi ikaenda polepole, na alfajiri mlinzi akamgundua mtu wa 77. Kati ya hao 76, watu 73 walikamatwa. Kwa amri ya Hitler, 50 miongoni mwao waliuawa na Gestapo. Watatu tu ndio waliofika salama. Kiongozi wa mpango mzima alikuwa Roger Bushell, mzaliwa wa Afrika Kusini na mwanasheria, aliyekamatwa katika kituo cha reli cha Saarbrücken pamoja na Mfaransa Bernard Scheidhauer; wote wawili waliuawa siku chache baada ya kutoroka.

Paul Brickhill, rubani wa Australia aliyekuwa mateka katika kambi hiyo, alitoa kitabu chake mwaka 1950, na kitabu hicho ndicho kilichozaa filamu. Mswada wa filamu uliandikwa na James Clavell na W. R. Burnett. Clavell mwenyewe alikuwa ameonja utumwa wa vita mikononi mwa Wajapani huko Singapore. Hali kadhalika Donald Pleasence, anayeigiza mghushi wa hati, alikuwa katika ndege iliyoangushwa mwaka 1944 na akafungwa katika kambi nyingine ya aina hiyo hiyo. Filamu ilipigwa katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, mwaka 1962, yaani miaka 18 tu baada ya tukio.

Mwanzoni mwa filamu kuna tamko la maandishi. Linamwambia mtazamaji kwamba hadithi ni ya kweli. Kwamba wahusika wameunganishwa kutokana na watu mbalimbali, na muda na mahali vimebanwa. Lakini kila kipengele cha kutoroka ni kama kilivyotokea. Tamko hili lataka kusomwa kwa jicho la mwanasemantiki, kwani kila kitu kinategemea mipaka ya neno moja tu. Ikiwa "kutoroka" ni kuchimba, kuficha mchanga, kughushi vitambulisho na kushona nguo za kiraia, basi tamko ni la kweli kwa kiasi kikubwa. Ikiwa neno hilo linajumuisha yaliyowapata watu baada ya kutoka shimoni, basi tamko ni la uongo. Hapakuwa na pikipiki wala ndege iliyoibwa. Wamarekani walisaidia katika hatua za mwanzo, lakini walihamishiwa sehemu nyingine ya kambi mwaka 1943, na hakuna Mmarekani hata mmoja katika wale 76. Filamu, hata hivyo, ilitengenezwa kwa fedha za Marekani, na nyota wake walipaswa kupewa mahali.

3.0 Mtoro ni nani?

Kabla ya kuendelea inafaa tulitazame jina la filamu, kwa sababu ugumu wa kulifasiri unafichua jambo. Tafsiri iliyo karibu ni "Utoro Mkuu", lakini msikilizaji wa Kiswahili atasita. Neno mtoro limebeba historia nzito. Katika upwa wa Afrika Mashariki wa karne ya 19 watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao, wengine wakaanzisha makazi yao wenyewe, kama yale yaliyokuwa karibu na Witu. Aliyelitumia neno hili kama tusi alikuwa bwana, si mtoro. Baadaye shule zikalichukua, na leo mtoro ni mtoto anayekwepa masomo. Katika njia zote mbili neno linamtazama mtu kwa jicho la yule aliyeachwa nyuma: mtoro ni mtu ambaye hayupo pale anapotakiwa kuwapo.

Neno la Kiingereza lililo katika jina la filamu halina lawama hiyo. Kwa maofisa wa kambi ya Sagan kutoroka kulihesabiwa kuwa wajibu wa askari, na hata wasiofaulu walikuwa wamewalazimisha maadui kutumia watu na wakati kuwasaka. Katika Kiswahili tungelazimika kutumia vitenzi kama kujinasua, kuponyoka au kujikomboa, na kila kimoja kina upungufu wake: kujinasua ni kwa aliyetegwa, kuponyoka kuna bahati ndani yake, na kujikomboa kumekwisha tumiwa na siasa. Sisi tutaendelea na kutoroka, tukimwomba msomaji alisikie neno hilo kwa sikio la mtoro, si la bwana.

4.0 Majina ya kazi

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote katika filamu hii ni ile inayohusu majina. Wahusika wakuu hutambulishwa kwa lakabu, na karibu lakabu zote ni majina ya kazi. Yuko Mghushi (Donald Pleasence), Mpimaji (Nigel Stock), Mtawanyaji wa mchanga (David McCallum), Mtengenezaji wa vifaa (James Coburn), na wachimbaji wawili waitwao Wafalme wa Mashimo (Charles Bronson na John Leyton). Hata McQueen ana cheo chake: yeye ni Mfalme wa Seli ya Upweke, kwa kuwa huko ndiko anakoshinda.

Katika Kiswahili kiambishi -ji mwishoni mwa nomino ya mtenda huashiria mazoea au ufundi. Mwindaji si mtu aliyewinda mara moja, bali ni yule ambaye kuwinda ndiyo shughuli yake. Mchimbaji, mpimaji na mtawanyaji ni maneno ya namna hiyo. Lakini katika kambi watu hawa hawakuwa mafundi wa kazi hizo walipokuwa nje. Walikuwa marubani na waongozaji wa ndege. Ni kambi iliyowapa kiambishi cha mazoea. Filamu inatuonyesha mtu akipata jina kutokana na kile anachowafanyia wenzake, na jina hilo likifunika ukoo wake, cheo chake na taifa lake. Tunapomaliza kuitazama, wengi wetu tunamkumbuka Mghushi kuliko tunavyokumbuka kwamba anaitwa Colin Blythe.

Lakabu moja inaleta taabu ya kipekee. Ni ile ya Hendley (James Garner), ambaye kazi yake ni kupata vitu: kamera, kitambulisho, chochote kinachohitajika. Kiingereza kina neno moja linalojumuisha kuomba, kuokota, kubadilishana na kuiba kidogo bila kuitwa mwizi. Katika Kiswahili mdoezi huomba bila kuiba, mwizi huiba bila kuomba, na mlanguzi huuza kwa faida. Hendley amesimama katikati ya hao watatu, naye hana faida yoyote anayojitafutia. Mfasiri atakayepewa filamu hii itambidi aeleze kwa sentensi nzima, au aseme tu Mpataji na kumwachia mwigizaji kazi iliyobaki.

Majina ya wanyama nayo yana mpango wake. Ives, Mskoti mfupi anayechimba, huitwa Fuko. Walinzi wa Kijerumani wanaopekua mabanda kutafuta mashimo walipewa na mateka jina la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, ambaye huko Ulaya hufugwa ili aingie katika mashimo kuwafukuza sungura. Kwa hiyo juu ya ardhi yuko kicheche, chini yuko fuko. Uhusiano wote wa kambi umekwisha elezwa kwa lakabu mbili, na hili halikubuniwa na waandishi wa mswada. Jina hilo la walinzi lilikuwa la mateka wenyewe.

Mashimo yenyewe yaliitwa Tom, Dick na Harry. Kiingereza huyataja majina haya matatu kwa pamoja kumaanisha mtu yeyote yule, kama sisi tusemavyo fulani bin fulani. Bushell alipiga marufuku neno la kawaida la kutaja njia ya chini kwa chini, akaonya kwamba atakayelitamka atashtakiwa kijeshi. Huu ni mwiko wa lugha wa aina tunayoijua vizuri: kitu cha hatari hakitajwi, hupewa jina la mtu. Matokeo yake, ambayo pengine Bushell hakuyakusudia, ni kwamba shimo likawa mwenzao. Tom anapogunduliwa na Wajerumani, watu katika filamu wanaomboleza kana kwamba amefiwa mtu. Muda mfupi baadaye Ives, ambaye akili yake imekwisha chakaa kwa kufungwa, anaupanda ua wa seng'enge mchana kweupe na kupigwa risasi.

Hapo ndipo Hilts, yule anayeigizwa na McQueen, anapobadilika. Hadi wakati huo amekuwa akitoroka kivyake, kwa njia zake, akikataa kuwatumikia wengine. Baada ya kifo cha Ives anakubali kutoka nje ya kambi, kuitazama nchi iliyo karibu, kisha kujiachia akamatwe ili arudi na habari ambazo wachora ramani wanazihitaji. Tendo hili haliko katika mabango ya filamu. Hata hivyo ndilo tendo kubwa kuliko yote anayoyafanya: mtu aliye huru anarudi kifungoni kwa hiari. Anayeitafuta filamu katika pikipiki amemkosa Hilts mwenyewe.

Tukirudi sasa kwenye swali la nguli, tunaona kwa nini halijibiki. Sturges alikuwa amekwisha kulijaribu umbo hili katika The Magnificent Seven (1960), iliyotokana na filamu ya Kurosawa, Seven Samurai (1954). Humo, hata hivyo, watu ni wachache na wote wana ufundi mmoja, yaani kupigana. Katika The Great Escape ufundi umegawanywa, na hakuna mmoja anayeweza kuufanya wa mwenzake. Mghushi bila Mpataji hana kamera. Mchimbaji bila Mtawanyaji atazikwa na mchanga wake mwenyewe. Mchanga wa chini ulikuwa na rangi ya kung'aa, wa juu ulikuwa wa kijivu, na kila kilichotolewa shimoni kilibidi kibebwe katika vifuko vilivyofichwa ndani ya suruali na kumwagwa kidogo kidogo. Uhakiki wa Kiswahili umewahi kukutana na tatizo hili. Anayesoma tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), akimtafuta nguli, huishia kwa mtu ambaye jina lake liko juu ya jalada, ilhali kinachowaunganisha watu humo ni neno kuliko mtu. Tungependekeza istilahi ya "nguli wa jumla" kwa kazi ambazo mtendaji wake ni kikundi kilichogawana kazi, si umati tu uliokusanyika.

5.0 Liyongo na kwaya

Kuna kipengele kimoja ambacho msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakitambua mara moja. Katika filamu mateka hupanga kelele ili kufunika kelele. Kwaya huimba wakati vyuma vinagongwa, na kigingi hupigiliwa nje kwa kufuata mapigo ya sururu inayovunja sakafu ndani. Darasa la kughushi hufanyika wazi kabisa, na mlinzi anapochungulia linageuka papo hapo kuwa mhadhara juu ya ndege wa mwituni. Rejesta moja inaificha nyingine.

Ndivyo alivyofanya Fumo Liyongo. Katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, Liyongo akiwa gerezani anamtuma mjakazi Saada kwa mama yake na ujumbe uliofungwa katika shairi, ili aoke mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake. Walinzi wanakula mikate mizuri na kumwachia mfungwa ule wa wishwa, naye anaipata tupa. Kisha anaomba apigiwe gungu, na wakati matoazi na pembe vinalia, yeye anakata minyororo. Mpango ni ule ule: burudani ya halaiki inafunika sauti ya chuma.

Tofauti, hata hivyo, ni kubwa. Wachezaji wa gungu hawajui wanachokifunika, Liyongo anawatumia. Wanakwaya wa Sagan wanajua, na kila mmoja wao anaimba kwa niaba ya mtu ambaye atatoka kabla yake. Utendi unamtukuza mtu ambaye akili yake inawazidi wote. Filamu inaondoa akili hiyo kutoka kichwa kimoja na kuigawa katika vichwa mia kadhaa. Sisi tuliolelewa na Liyongo tunaelewa haraka ujanja wa filamu hii, lakini yatubidi tujifunze upya ni nani wa kumshangilia.

6.0 Asante iliyoua

Zaidi ya nusu ya filamu hufanyika ndani ya kambi, ambako watu wanasema lugha moja kwa lafudhi nyingi: za Kiingereza, Kiskoti, Kimarekani, Kipolandi, na ya Kiaustralia ambayo Coburn aliibuni mwenyewe na ambayo Waaustralia wamekataa kuimiliki. Baada ya kutoka shimoni jamii hiyo ya lugha inavunjika. Kila mtu yuko peke yake, au na mwenzake mmoja, ndani ya treni iliyojaa watu wasemao Kijerumani. Kazi yake ya kambini haina maana tena. Mchimbaji hana pa kuchimba. Alichobaki nacho ni karatasi mfukoni na ulimi kinywani.

Tukio ambalo mwanaisimu hawezi kulisahau linamhusu MacDonald, ofisa wa upelelezi anayeigizwa na Gordon Jackson. Kambini yeye ndiye mwenye kuwajaribu wenzake. Huwahoji katika lugha ya kigeni, kisha ghafla huwarushia maneno ya Kiingereza. Anayejibu kwa Kiingereza hukemewa. Baadaye yeye na kiongozi wake Bartlett (Richard Attenborough), wakijifanya raia wa Kifaransa, wanakaguliwa wakiwa wanapanda basi. Hati ni nzuri na majibu ni mazuri. Mkaguzi anawarudishia karatasi, na MacDonald akiwa mguu mmoja umo ndani ya basi, anamtakia heri kwa Kiingereza. MacDonald anageuka na kusema asante, kwa Kiingereza.

Watazamaji wengi huliona tukio hili kuwa kinaya tu: mwalimu amenaswa kwa mtego aliowafundisha wengine. Lakini nguvu yake iko ndani zaidi. Mtihani wa lugha unaojulikana kuliko yote ni ule wa Waamuzi sura ya 12, ambapo Waefraimu walitambuliwa kwa kushindwa kutamka sauti moja katika neno Shibolethi. Huo ni mtihani wa ulimi. Mtu hufeli kwa kitu ambacho hakijui. Mtihani wa basi ni kinyume chake. MacDonald anafeli kwa kitu anachokijua mno.

Wataalamu wa uchanganuzi wa mazungumzo wanatueleza kwamba baadhi ya semi huja kwa jozi, na sehemu ya kwanza ikishatamkwa huidai ya pili. Msemaji wa Kiswahili hahitaji nadharia ngumu ili kulielewa jambo hili. Ukipigiwa hodi, karibu imekwisha kutoka kinywani kabla hujaamua kama unataka kumkaribisha mgeni. Ukiamkiwa shikamoo na mtoto njiani, marahaba itakutoka hata ukiwa na hasira. Semi hizi hazijengwi neno kwa neno kama sentensi nyingine. Hutoka zikiwa nzima, kutoka mahali ambapo uamuzi haufiki kwa wakati. Ndiyo maana mpelelezi mwerevu hamuulizi mtuhumiwa swali gumu. Swali gumu humwamsha. Humfanyia adabu, kwa kuwa adabu ndiyo sehemu ya lugha iliyo karibu zaidi na nafsi, na ambayo mtu aliyelelewa vizuri hawezi kuizuia.

Kwa hiyo MacDonald hafi kwa uzembe. Anakufa kwa malezi mema. Ule utu wa kujibizana ambao kambini uliwaunganisha watu mia kadhaa, ndio huo huo unaomtoa nje ya basi. Filamu za vita zinazohusu risasi ni nyingi. Hii ni miongoni mwa chache ambamo silaha ni jozi ya maamkizi.

7.0 Waliofika

Ukweli wa historia una mafunzo ambayo filamu imeyapoteza. Watatu waliofika salama walikuwa Wanorwe wawili, Per Bergsland na Jens Müller, na Mholanzi Bram van der Stok. Wanorwe walipitia Stettin na kupanda meli hadi Sweden. Mholanzi alipita Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa hadi Hispania. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiingereza. Hatudai kwamba lugha peke yake ndiyo iliyowaokoa. Bahati, ujana na treni za wakati unaofaa zilikuwa na sehemu yake. Lakini ni vigumu kulipuuza jambo hili.

Filamu imezihifadhi njia zao na kuwabadilisha wasafiri. Wanaopanda meli ni Danny Mpolandi na Willie Mwingereza, na anayevuka kwenda Hispania ni Sedgwick Mwaustralia. Hivyo kazi ile ile iliyomuua MacDonald kwa neno moja la Kiingereza inawaokoa watu ambao lugha yao ya kwanza, isipokuwa Danny, ni hicho Kiingereza. Hapa waandishi wa mswada hawakuifuata mantiki ya hadithi yao wenyewe. Inafurahisha kidogo kujua kwamba Charles Bronson, aliyemwigiza Danny, alilelewa katika familia ya Kilithuania huko Pennsylvania na kufanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe akiwa kijana. Mchimbaji mwenye lafudhi ya kigeni na hofu ya shimo alikuwa pengine mhusika aliyehitaji kubuniwa kidogo kuliko wote.

8.0 Wale hamsini

Tumeahidi kuirudia shutuma. Wanaoilaumu filamu husema kwamba muziki wake wa kuchangamsha, mizaha ya kambini na nyota wa Marekani vimeyafunika mauaji. Waliouawa walitoka Uingereza, Canada, Poland, Australia, New Zealand, Afrika Kusini, Norway, Ubelgiji, Ufaransa, Ugiriki, Lithuania na Czechoslovakia. Waliuawa mmoja mmoja au katika vikundi vidogo, mahali mbalimbali, na mwaka 1947 mahakama ya kijeshi ya Waingereza mjini Hamburg iliwahukumu baadhi ya waliohusika. Filamu inawakusanya wengi wao katika uwanja mmoja mbele ya bunduki ya rashasha, na haisemi lolote juu ya mahakama.

Sehemu ya shutuma hii tunaikubali. Kumweka Mmarekani mbele katika tendo ambalo Wamarekani hawakulikamilisha ni dhuluma kwa Wapolandi na Wakanada, na hakuna sanaa inayoifuta. Lakini hoja ya kwamba furaha ya nusu ya kwanza inadhalilisha vifo vya nusu ya pili, hiyo hatuikubali, na ushahidi wetu umo katika mandhari ya uwanja huo huo.

Lori linasimama, na mateka wanaambiwa washuke wanyooshe miguu. Bartlett na MacDonald wamesimama pamoja. Bartlett anamwambia MacDonald kwamba mambo yale yote, mpango, uchimbaji, Tom na Harry, ndiyo yaliyomweka hai, na kwamba hajawahi kuwa na furaha kama hiyo. Anayataja mashimo kwa majina yao ya watu. Anayasema hayo kwa mtu ambaye neno lake la adabu ndilo lililowafikisha hapo, na hakuna hata chembe ya lawama katika sauti yake. Kisha unasikika mlio wa rashasha ikikokiwa. Kama filamu isingetupa saa mbili za vifuko vya mchanga, mihadhara ya ndege na kwaya, maneno ya Bartlett yangekuwa hotuba. Kwa kuwa tumekwisha kuiona furaha hiyo kwa macho yetu, tunajua ni kitu gani hasa kinachokatwa pale.

Kambini, Ramsey, ofisa mwandamizi wa mateka, anamsomea Hendley habari za waliouawa. Mghushi naye amekufa, baada ya kupofuka na kuongozwa na Hendley hadi karibu na mpaka. Hendley anauliza kama jambo lile lilistahili gharama yake. Jibu analopewa ni kwamba inategemea mtu anatazama kutoka upande gani. Filamu haiongezi neno, na maandishi yanayofuata mwishoni yanaitabaruku kazi nzima kwa wale hamsini.

Baada ya jibu hilo Hilts anarudishwa langoni akiwa amefungwa pingu, anarushiwa mpira wake na glovu ya besiboli, na kupelekwa katika seli yake ya upweke. Mlango unafungwa. Mlinzi anaondoka, anasikia mpira ukigonga ukuta na kurudi, anasimama kidogo kusikiliza, kisha anaendelea na njia yake.